Nilimbeba rafiki yangu ngazi 62 nikidhani namsaidia

Kutoka chini hadi ghorofa ya tatu ya jengo letu la mihadhara kuna ngazi 62. Najua kwa sababu nilizihesabu kila Jumanne na kila Alhamisi kwa karibu semista tatu, nikiwa nimeshika upande wa kushoto wa kiti cha magurudumu cha rafiki yangu. Tulikuwa wasee wanne. Wawili mbele, wawili nyuma, yeye katikati amekumbatia begi lake na kutazama juu kana kwamba kuna kitu anasoma kwenye dari. Lifti ilikuwepo, ila mlangoni ilikuwa na karatasi ya "Haifanyi kazi" iliyobandikwa kabla hata sisi hatujaripoti mwaka wa kwanza.

Nitakuwa mkweli: nilipenda kubeba hicho kiti. Tungefika juu tukihema, mashati yameloa jasho, na msichana mmoja wa darasa angesema, "Aki nyinyi ni watu wazuri." Nilihisi kweli mimi ni mtu mzuri. Jioni nilikuwa namsimulia mamangu kwenye simu, naye ananibariki.

Kisha mwaka wa pili, semista ya pili, nikaacha chuo. Hakukuwa na drama. Deni la karo lilifika Sh46,000, jina langu likakosekana kwenye orodha ya watakaofanya mtihani, nikapakia vitu vyangu kwenye begi moja na gunia moja. Nilipanda matatu ya saa kumi na moja asubuhi ili nisikutane na mtu. Hata yeye, ambaye tulikuwa tunalala chumba kimoja, nilimwambia naenda nyumbani wikendi tu, nitarudi Jumapili.

Miaka miwili imepita. Watu hudhani kitu kinachonisumbua ni digrii. Hapana. Swali langu lilikuwa dogo: nani alishika upande wa kushoto?

"Wamenipa dakika kumi. Kuja"

Juzi akanitumia ujumbe. Kampasi ilikuwa na Wiki ya Utangamano na Ujumuishaji, yeye amepewa dakika kumi azungumze siku ya walemavu. "Wewe si siku hizi ni blogger? Kuja uandike kitu."

Chuo chenyewe sitakitaja. Ni cha umma, na ukisoma hapa ukaapa kwamba ni chako, kuna uwezekano mkubwa ni kingine kabisa.

Soja wa geti aliniuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Nikasema mimi ni mgeni. Neno hilo lilikuwa gumu kutoka mdomoni kuliko nilivyotarajia.

Kama hujawahi kuona wiki kama hii, mambo huenda hivi. Hema zinapigwa mbele ya jengo la utawala. Kuna bango kubwa lenye wanafunzi wanaotabasamu: mmoja na shuka ya Kimaasai, mmoja na hijabu, mmoja ameshika fimbo nyeupe. Kuna tisheti zenye maneno matamu mgongoni. Jumatatu ni jinsia, Jumanne afya ya akili, Jumatano ulemavu, Alhamisi dini mbalimbali zinaomba pamoja. Ijumaa ni utamaduni, siku ambayo makomredi wote hungojea kwa sababu kuna mukimo, pilau, omena na mursik, vyote vya kuonja bila kulipa, halafu usiku ngoma inapigwa.

Sikuja kucheka hizo hema. Tunajua tulikotoka. Wengi walio kampasi leo walikuwa watoto wadogo nchi ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007. Ni baada ya moto huo ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Vyuo vikuu vya umma ni taasisi za umma. Kwa hivyo ukiingia ofisi fulani ya chuo na kukuta karani, bosi wake na mpika chai wote wanacheka kwa lugha moja usiyoijua, kuna sheria inayokuhusu.

Sisi wanafunzi nasi si malaika. Wiki ya kwanza tu ya kuripoti, kabla hujajua choo kiko wapi, ushaongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa kaunti yenu. Kina msaada wake: hapo ndipo utapata godoro la bei nafuu na mtu wa kukuelekeza. Uchaguzi wa wanafunzi ukikaribia, kikundi hichohicho kinageuka kuwa cha kuambiana "mtu wetu ni nani." Kwa hivyo mwana wa Nyeri akisimama foleni kuonja omena kwa mara ya kwanza na mwana wa Homa Bay akimfundisha kula kichwa chake, mimi sioni upuuzi. Naona mwanzo.

Shida ni kwamba Jumamosi hema zinang'olewa.

Anaombwa kucheza kila mwaka

Nilikaa na msichana mmoja wa mwaka wa tatu kutoka Turkana. Alikuwa amevaa shanga shingoni, akingojea kundi lake liitwe jukwaani. Nikamuuliza swali la kiblogger: anajisikiaje kuwakilisha jamii yake?

Akanitazama. "Kila mwaka naombwa kucheza. Hakuna aliyewahi kuniuliza huwa nalala wapi."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaeleza. Semista ikiisha, hosteli zinafungwa na kila mtu anaambiwa aondoke na kila kitu chake. Kwa mtu wa Thika au Machakos, hiyo ni matatu moja. Kwake ni basi la usiku mzima na mchana wake, nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, kwa likizo ambayo wakati mwingine ni ya wiki mbili tu. Hana pesa hizo. Mwaka wa kwanza alilala kwenye sakafu ya rafiki wa rafiki. Mwaka wa pili alipata kazi ya kulinda watoto wa mtu mjini, bila mshahara, ili tu apate mahali pa kulala.

"Wakifungua hata korido moja ya hosteli wakati wa likizo, mimi nitacheza mpaka asubuhi," akasema, kisha akaitwa, akaenda kucheza. Alicheza vizuri sana. Watu walipiga picha.

Niliandika maneno yake kwenye simu nikayasoma tena usiku. Maana hapo ndipo tofauti ilipo. Kusherehekea mtu ni kumwambia tumefurahi uko hapa. Usawa ni kuuliza: ni nini kinachokufanya wewe uteseke kukaa hapa kuliko mwenzako, na tunaweza kukiondoa?

Ukianza kuuliza hivyo, unaona mambo ambayo hayana hema. Mwanafunzi Msabato anapangiwa mtihani Jumamosi. Mwislamu anawekewa mhadhara wa lazima saa saba Ijumaa, wakati wa swala ya jumaa. Mara nyingi hakuna aliyewachukia. Mtu aliketi na ratiba, akajaza visanduku, akaenda nyumbani. Lakini Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume na imani hiyo. Kwa hiyo anayejaza visanduku vya ratiba ameshika haki za watu mkononi, awe anajua au hajui.

Naibu ni mwanamke, mwenyekiti je?

Kwenye hema la jinsia nilikuta mjadala moto. Sheria ya Vyuo Vikuu ilivyorekebishwa 2016 inataka baraza la wanafunzi liwe na mwenyekiti na naibu wa jinsia tofauti, nafasi za wanaowakilisha makundi yenye mahitaji maalum, na jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Kampasi tumeisoma kivyetu: mwenyekiti ni mwanaume, naibu ni mwanamke, mambo yameisha.

Msichana mmoja aliyewahi kuwania kiti alisimama akaeleza kwa nini. Kampeni hufanywa usiku, hosteli hadi hosteli. Mwanaume akionekana kwenye hosteli ya wanaume saa tano usiku anasaka kura. Yeye akionekana hapo, kesho kuna stori kwenye vikundi vya WhatsApp, na stori hiyo haina uhusiano na sera zake. Alishindwa kwa kura chache. Kilichomuuma zaidi, akasema, ni marafiki waliomwambia "ungetafuta tu unaibu."

Wapo wanaosema wanawake wapewe muda, mambo yatajirekebisha. Hebu tuhesabu huo muda. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Akiwa mhadhiri hapo ilibidi apigane ili wahadhiri wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume. Chuo kikuu cha umma nchini kilimpata naibu chansela mwanamke kwa mara ya kwanza 2006, Prof Olive Mugenda alipochukua usukani wa Kenyatta. Kutoka 1971 hadi 2006 ni miaka 35. Ukingoja tu, utangoja.

Halafu kuna jambo ambalo wavulana hatulisikii kwa sababu halituhusu. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Sheria hiyo ni ya elimu ya msingi. Msichana akimaliza kidato cha nne, akifika chuo, amevuka mpaka wake. Mwili haujui kwamba amefuzu KCSE. Dada mmoja alisema kwenye hema kwamba kuna mwezi huwa anachagua kati ya sodo na chakula cha jioni, na hakuna aliyecheka. Mle ndani nilihesabu wanaume: tulikuwa saba, na wawili walikuwa wa kamera.

Mkalimani mmoja, siku nzima

Jumatano ilifika. Hema la ulemavu lilikuwa dogo kuliko la utamaduni, lakini lilijaa.

Mbele aliketi mwanafunzi kiziwi na mkalimani wake wa lugha ya ishara. Mkalimani alikuwa mmoja. Alianza saa tatu asubuhi. Kufikia saa sita mikono yake ilikuwa imechoka waziwazi, maana kazi ile ni ya akili na mwili kwa pamoja, na ndiyo sababu wakalimani hufanya kazi wawiliwawili wakipokezana kila baada ya dakika kama ishirini. Mgeni mmoja alitoa hotuba kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Mkalimani akashusha mikono kidogo, kiziwi akamwashiria kitu, wote wawili wakacheka. Baadaye nilimwandikia kwenye simu nikamuuliza walisema nini. Akanijibu kwa kuandika: "Nilimwambia apumzike. Hotuba kama hizi nazijua mwisho wake."

Nikamuuliza darasani mambo huwaje. Akaandika kwamba wahadhiri wengi ni wazuri, ila wanazungumza wakiwa wameangalia ubao. Hata wanaojua anasoma midomo husahau. Anachotaka si kikubwa: nukuu zitumwe siku moja kabla, na mhadhiri ageuke.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao laki tisa wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya walio na miaka mitano na zaidi. Katiba, Kifungu cha 54, inawapa haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, kutumia lugha ya ishara na breli, na kuitwa kwa namna isiyowashushia hadhi. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa imewapa wenye majengo ya umma miaka mitano, tangu kifungu husika kianze kutumika, wayarekebishe. Mwaka 2025 tumepata sheria mpya. Kwa upande wa karatasi tuko mbele. Kwa upande wa lifti, unajua.

Alipokataa kupandishwa jukwaani

Zamu ya rafiki yangu ikafika. Jukwaa lilikuwa la mbao, juu kama magoti ya mtu mzima, na lilikuwa na ngazi tatu. Mteremko wa kiti haukuwepo. Ndiyo, kwenye hema la ulemavu. Vijana watatu wenye tisheti za wiki hiyo wakamjia mbio wakinyoosha mikono. Nami, bila kufikiri, nikasimama nikaenda upande wa kushoto. Mwili unakumbuka.

Akainua kiganja. "Zii. Nipeni maiki hapa."

Akazungumza akiwa chini, kwenye nyasi, akiwa amewapa mgongo wakubwa walioketi jukwaani na uso wake ukiwa kwetu. Hakukasirika. Alisema mambo matatu tu na hakumaliza dakika zake kumi. La kwanza, kwamba anashukuru kwa tisheti. La pili, kwamba angependa mwaka ujao fundi wa jukwaa aulizwe kabla ya fundi wa tisheti. La tatu, akaeleza jinsi darasa lake lilivyohama kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Hapo nikaacha kurekodi nikasikiliza, kwa sababu hiyo stori sikuwa naijua.

Tulimalizia kwenye kibanda nyuma ya hosteli, chai na chapo mbili kila mtu, madondo juu.

Alinieleza kwamba nilipoondoka wabebaji wakabaki watatu. Watatu hawatoshi. Mara ya pili walipojaribu, kiti kiliinama na karibu aanguke. Siku hiyo akawaambia basi, hanibebi mtu tena. Akakaa chini ya ngazi, akasikia mhadhara ukianza juu kupitia dirisha. Alhamisi ikawa hivyo tena. Wiki ya tatu akaandika barua, si ya kuomba lifti, bali ya kuuliza swali moja: kwa nini darasa la watu 90 liko ghorofa ya tatu huku chini kuna ukumbi unaotosha watu 120, na saa hizo una darasa la watu 40?

Barua ilizunguka. Idara ikasema ni kazi ya skuli. Skuli ikasema ni kazi ya msajili. Ofisi ya msajili ikasema ukarabati wa lifti umewekwa kwenye bajeti. Hakuna aliyejibu swali lenyewe. Semista ikakaribia kuisha. Mwishowe akaenda mwenyewe kwa karani anayepanga ratiba, mama mmoja mwenye ofisi ndogo, ambaye kwa bahati iko chini. Yule mama akafungua kompyuta, akaangalia, akasema, "Mwanangu, kwani hili ndilo jambo?" Akabadilisha vyumba viwili. Ilichukua kama dakika kumi. Haikugharimu shilingi hata moja.

Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka sana.

"Nikuambie kitu na usikasirike?"

Nikamwambia aseme.

"Uliponiacha nilikukasirikia, lakini kuna sehemu yangu ilifurahi. Nilichukia kubebwa, bro. Kila Jumanne, kila Alhamisi. Ukitaka kwenda choo ungoje wanne wapatikane. Ukitaka kukosa darasa kama watu wengine, huwezi, timu imeshafika. Mtu akiniinua, siwezi kumwambia polepole, kwa sababu ananisaidia. Na kwa vile mlikuwa mnanibeba vizuri hivyo, hakuna ofisi iliona shida. Walikuwa wanasema, si huyo ana marafiki?"

Chai yangu ikapoa. Nilitaka kujitetea. Tulikuwa tunafanya tulichoweza, na kweli tulikuwa tunafanya hivyo. Lakini kwa semista tatu sikuwahi kumuuliza, "Wewe unataka nini?" Nilihesabu ngazi, nikahesabu sifa. Yeye alikuwa akihesabu siku.

Sisemi usimsaidie mtu. Kiti kikiwa chini ya ngazi na mtihani uko juu, beba. Ila ukishashuka, nenda ukagonge ile ofisi. Wema wetu ukiziba ufa kila siku, mwenye nyumba hataona sababu ya kujenga ukuta.

Mimi sikuwa kwenye bango

Kisha akanigeuzia kibao. "Na wewe, ulipokwama uliandikia nani?"

Sikumwandikia mtu. Familia yetu ni ya mama peke yake na kibanda cha mboga. Mkopo wa masomo ulipoingia, nusu nilikuwa natuma nyumbani, kwa sababu huwezi kula chipo ukijua ndugu zako wanalala na chai ya rangi. Karo ikabaki nyuma. Mfumo mpya wa ufadhili ulipotangazwa 2023, ule wa kugawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, nasi tukaambiwa ni wa wanaoingia. Mfumo huo nao umefikishwa kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauona unakiuka Katiba, ikakatiwa rufaa. Wakubwa wanabishana juu ya fomula. Chini huku, mtu hupotea kimya Jumamosi asubuhi na kitanda chake kinapewa mwingine.

Kwenye zile hema sikuona la walioacha kwa sababu ya pesa. Naelewa, huwezi kualika watu ambao hawapo. Lakini ukitaka kujua chuo kinajumuisha nani, usiangalie tu walio kwenye picha. Chukua orodha ya walioripoti mwaka wa kwanza, uiweke kando ya orodha ya mahafali, kisha uulize waliokosekana walikuwa akina nani, walitoka wapi, na kama kuna mtu aliwahi kuwapigia simu.

"Ungeomba kuahirisha masomo," rafiki yangu akasema. "Kuna fomu. Ungebaki na nafasi yako. Mimi ningekwambia, lakini uliniambia unaenda wikendi." Akanyamaza kidogo. "Ulikuwa na mikono ya kunibeba, lakini hukuwa na mdomo wa kusema umekwama."

Sikuwa na jibu. Aibu ndiyo iliyonipandisha ile matatu ya saa kumi na moja, deni lilifuata nyuma. Na aibu ni ugonjwa tunaougua sana sisi vijana wa kiume, tunajifanya tunauita kujikaza.

Kabla wiki kama hiyo haijafika kwenu

Kwa wewe uliye kampasi sasa hivi, haya ndiyo maswali niliyotoka nayo. Yapeleke kwa baraza lenu la wanafunzi, au kwa mhadhiri unayemwamini, au uyaandike kwa barua na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Kwanza, ni madarasa gani ya wanafunzi wasioweza kupanda ngazi ambayo yako juu, na chini kuna chumba? Kuhamisha darasa hakuhitaji zabuni.

Pili, hosteli ikifungwa, wanaotoka mbali wanaenda wapi? Waulizwe kwanza, kisha korido ifunguliwe.

Tatu, ratiba ya mtihani ikitoka ikiwa rasimu, nani anaikagua kwa ajili ya Ijumaa mchana na Jumamosi?

Nne, wakalimani wa lugha ya ishara ni wangapi, na wanapokezana? Na wewe mhadhiri ukisoma hapa, geuka utuangalie.

Tano, kabla jina la mtu halijaondolewa kwenye orodha ya mtihani kwa deni, kuna anayemwita amweleze kuhusu kuahirisha, kulipa kidogokidogo, au misaada iliyopo? Ikiwa fomu ipo lakini anayeihitaji hajui kwamba ipo, ni sawa na haipo.

Na la mwisho ni letu wenyewe. Kama una rafiki unayemsaidia kila siku, muulize anataka nini. Halafu nyamaza usikie, hata kama jibu halitakupendeza. Langu halikunipendeza.

Saa nane alikuwa na mhadhara. Nikainuka kumsukuma, kisha nikakumbuka, nikamuuliza, "Nikusukume?" Akasema, "Hapana, lakini beba hii chupa ya maji." Tukaenda bega kwa bega, yeye akizungusha magurudumu yake, mimi na chupa. Mlango wa ukumbi wa chini ulikuwa wazi. Akaingia, akachukua nafasi ya mbele pembeni, akatoa daftari. Wenzake wakaendelea kuingia wakipiga stori za mpira. Hakuna aliyesema tuwatazame watu wazuri, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutazama. Ni mwanafunzi ameingia darasani.

Nilisimama pale nje mpaka mhadhiri akafunga mlango. Kisha, kabla sijaenda getini, nikapita kwenye ofisi ya msajili na kuuliza dirishani ile fomu inapatikana wapi, na kama mtu aliyechelewa miaka miwili bado anaweza kuijaza. Dada wa dirishani akaniambia nilete barua ya kueleza kilichotokea, jina langu, na namba yangu ya usajili.

Namba bado naikumbuka kichwani. Barua nimeianza jana usiku.